Viza ni Mlango, Siku za Kukaa ni Jambo Lingine



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo zamani halikuwamo katika mafundisho ya ndoa, lakini siku hizi limeingia katika nyumba nyingi za huku kwetu Kericho na Bomet. Mashine za kuchuma chai zimechukua kazi ya mikono mingi, na vijana wetu wanatafuta riziki mbali. Huyu amekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, yule ni muuguzi Uingereza, mwingine anasoma Marekani. Mara nyingi anayeondoka ni mmoja, na mwenzake hubaki na watoto, ng'ombe na shamba la chai.

Mimi ni katekista, si wakili. Sitaweza kukufundisha sheria zote za uhamiaji, nazo hubadilika kila mara. Lakini nataka ushike jambo moja: karatasi za safari ni jambo la ndoa. Zikisomwa na mmoja peke yake, zinaweza kuwatenga wote wawili.

KISA CHA VIZA YA MIAKA MITANO

Nianze na kisa cha mume na mke ninaowafahamu. Wameniruhusu kukisimulia bila kuwataja majina.

Bwana alikuwa akisoma Marekani. Mwishoni mwa 2018 mkewe alipata viza ya kumtembelea. Viza hiyo iliandikwa kuwa ni ya miaka mitano, hadi Oktoba 2023. Walifurahi sana. Mama mkwe aliuza majani na kuongeza bonasi ya chai ili tikiti ipatikane. Mke akafika huko Januari 2019. Afisa wa uwanja wa ndege akagonga muhuri katika pasipoti yake na kuandika tarehe kwa kalamu: Julai 2019. Hakuna aliyeitazama tarehe ile. Kila walipofungua pasipoti waliangalia viza, na viza ilisema 2023.

Mke akakaa huko mpaka Februari 2020, alipopata habari ya kifo cha baba mkwe. Alirudi kumzika, akiwa mjamzito. Akajifungulia nyumbani. Baadaye mumewe alimaliza masomo na kupata kazi halali, na mwaka 2021 mke akaenda ubalozini Nairobi kuomba viza ya mke wa mfanyakazi. Dirishani aliulizwa ni lini alitoka Marekani. Akasema ukweli. Akaelezwa kwamba alipitisha siku zake kwa miezi saba, kwamba ile viza yake ya miaka mitano ilikufa siku ile ile muda wa kukaa ulipokwisha, na kwamba hawezi kuingia tena mpaka itimie miaka mitatu tangu alipoondoka.

Alirudi nyumbani jioni akalia. Alimpigia mumewe simu akamwambia, "Baba watoto, tuliangalia tarehe isiyo yetu."

Ndugu msomaji, hawa hawakuwa waongo wala wahalifu. Walishindwa kutofautisha tarehe mbili tu.

TAREHE TATU ZA KUJUA

Msafiri ana tarehe tatu, na kila moja ina kazi yake.

Tarehe ya kwanza ni ya pasipoti. Hii inaonyesha kitabu chako kitatumika hadi lini.

Tarehe ya pili ni ya viza. Hii inaonyesha hadi siku gani unaweza kufika mlangoni mwa nchi ile na kuomba kuingia.

Tarehe ya tatu ni ya ruhusa ya kukaa. Hii ndiyo inayosema lazima uwe umeondoka lini, au uwe umeomba kuongezewa muda.

Fikiria geti la shamba kubwa la chai. Unaweza kuwa na barua inayokuruhusu kufika getini mwaka mzima. Lakini kila unapoingia, askari huandika kitabuni saa ya kutoka. Ukimwonyesha barua yako usiku wa manane, haitakusaidia. Yeye anaangalia kitabu chake. Viza ni ile barua. Ruhusa ya kukaa ni ile saa iliyoandikwa kitabuni.

Kila nchi ina namna yake ya kuandika saa hiyo. Marekani huweka kumbukumbu ya kuingia iitwayo I-94, na mgeni anaweza kuisoma mwenyewe katika tovuti ya serikali. Uingereza imeacha kadi za plastiki za wakazi, na sasa hali ya mtu huwekwa katika akaunti yake ya viza ya kompyuta. Mgeni wa kawaida Uingereza huruhusiwa kukaa mpaka miezi 6. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen huhesabu kwa namna nyingine: mgeni hukaa siku 90 katika kila kipindi cha siku 180, na nchi zote za mkataba huhesabiwa kama nchi moja. Ukikaa siku 60 Ufaransa na 30 Italia, siku zako zimekwisha, hata kama hujafika Ujerumani.

Adhabu ya kupitisha siku nayo hutofautiana. Kwa sheria ya Marekani ya 1996, mtu mzima aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja, kisha akaondoka, huzuiwa kurudi kwa miaka 3. Akipitisha mwaka mmoja au zaidi, huzuiwa miaka 10. Miaka 10 ni umri wa mtoto tangu kuzaliwa mpaka Komunyo ya Kwanza na zaidi.

JE, MWENZANGU ANAWEZA KUNIFUATA?

Hili ndilo swali la pili, nalo huulizwa kwa kuchelewa. Watu huuliza mshahara, huuliza tikiti, huuliza malazi. Kisha mmoja akishafika huko ndipo anaanza kuuliza, "Nitamleta lini mke wangu?" Majibu hutegemea aina ya viza.

Saudi Arabia. Dada anayekwenda kufanya kazi za nyumbani huenda peke yake, kwa kawaida kwa mkataba wa miaka miwili. Kibali chake cha ukazi, kiitwacho ikama, kimefungwa kwa mwajiri wake, yule kafili. Marekebisho ya kazi ya 2021 yaliwapa wafanyakazi wengine nafasi ya kubadili mwajiri na kusafiri kwa urahisi zaidi, lakini hayakuwagusa wafanyakazi wa nyumbani. Akiondoka nyumba ile bila utaratibu, mwajiri anaweza kupeleka taarifa kwamba ametoroka, na hali yake ya kisheria ikaharibika. Kwa hiyo mume asimwambie mkewe kwa simu, "Toka hapo utafute nyumba nyingine," bila kujua anamsukuma wapi. Kama kuna mateso, msaada uombwe ubalozi wa Kenya ulioko Riyadh.

Uingereza. Hapa ndipo wengi wamejikwaa. Muuguzi aliyesajiliwa si sawa na mtunza wazee, ingawa wote wanaitwa wafanyakazi wa afya. Watunza wazee walioomba viza kuanzia 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa tena kuleta mume, mke wala watoto. Tangu 22 Julai 2025 njia hiyo imefungwa kabisa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Wanafunzi nao, kwa masomo yaliyoanza tangu 1 Januari 2024, wengi hawawezi kuleta wenzi wao, isipokuwa wale wa shahada za utafiti na wale wanaolipiwa na serikali. Kwa hiyo wakala akikuambia leo, "Nenda utunze wazee, mume wako atakufuata baada ya miezi mitatu," jua kwamba anauza maneno yaliyopitwa na wakati.

Aliyeolewa na raia wa Uingereza au mkazi wa kudumu ana njia yake. Tangu 11 Aprili 2024 kipato kinachodaiwa kwa maombi mapya kiliwekwa pauni 29,000 kwa mwaka. Anayeomba akiwa Kenya hupewa kwanza miezi 33, naye lazima aombe kuongezewa kabla haijaisha.

Marekani. Mke au mume wa mwanafunzi anaweza kumfuata, lakini haruhusiwi kufanya kazi. Ni vizuri kujua hili mapema, maana mke aliyezoea kuwa na biashara yake Litein anaweza kukaa ndani ya chumba kimoja mwaka mzima na kuanza kuona mumewe ndiye aliyemfunga. Aliyeingia kama mkazi kwa njia ya ndoa isiyotimiza miaka miwili hupewa kadi ya miaka miwili tu. Kisha wote wawili hutakiwa kuomba pamoja, katika siku 90 za mwisho, ili sharti liondolewe. Wakisahau, ukazi wenyewe hupotea.

Ujerumani. Mwenzi anayefuata hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha hatua ya kwanza, kiitwacho A1, isipokuwa wachache waliosamehewa na sheria. Basi anayebaki nyumbani aanze kujifunza mapema badala ya kuhesabu miezi tu.

Usiyachukue maneno yangu haya kama mwisho. Kabla ya kulipa chochote, soma tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, na kama huwezi, mwombe mwalimu au kijana wa parokia akusomee. Wakala wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Uliza huko kabla ya kutoa pesa.

ANDIKENI UKWELI JUU YA NDOA YENU

Sasa nitasema jambo lenye kuuma kidogo. Wako wanaojaza fomu na kuandika kwamba hawajaoa. Wengine hufanya hivyo kwa ushauri wa wakala kwamba mseja hupata viza haraka. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa walifanya koito tu na bado hawajafunga ndoa kanisani, basi wao ni waseja mbele ya Wazungu.

Fomu haisahau. Kwa miaka mingi watu wa huku wamejaza bahati nasibu ya viza ya Marekani. Kanuni yake imekuwa kwamba mke au mume na watoto lazima waandikwe tangu mwanzo, hata kama hawatasafiri. Aliyemwacha mkewe nje ya fomu alishinda, akafika mbele ya afisa, akakosa yote. Na aliyeingia nchi yoyote kwa jina la useja, siku akitaka kumleta mke, itambidi akiri kwamba alidanganya kwanza. Uongo wa dakika moja unakuwa ukuta wa miaka.

Kwa hiyo wekeni ndoa yenu sawa kabla ya safari. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa ya Kikristo na ya kimila, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Kiapo cha kwa wakili si cheti cha ndoa. Waliobariki ndoa kanisani wahakikishe wana cheti cha serikali, si kumbukumbu ya parokia peke yake. Waliokaa miaka kumi wakisema "tutabariki baadaye" wamwendee padre sasa. Wasifanye hivyo kwa ajili ya ubalozi tu. Sakramenti si kibali cha kusafiria. Lakini kama safari ndiyo iliyowaamsha, Mungu ashukuriwe hata kwa hilo.

KUHUSU NDOA YA MAKARATASI

Yule bwana wa kisa chetu alijaribiwa. Miaka ile mitatu ya kungoja, rafiki zake walimwambia, "Achana na mama watoto kwa karatasi tu. Oa mwenyeji, upate ukazi, kisha umwache umrudie mkeo." Hata ndugu yake mmoja hapa nyumbani aliona ni akili.

Mpendwa msomaji, hiyo si akili. Kwa Kanisa, kifungo cha ndoa ya kweli hakifunguliwi na fomu, na anayesema "ndiyo" kwa mdomo huku moyoni akikataa ndoa hajafunga ndoa, amefanya maigizo mbele ya Mungu. Kwa sheria ya Kenya, aliyefunga ndoa ya Kikristo akioa tena huku ndoa hiyo ikiwa hai anatenda kosa la jinai. Kwa sheria ya Marekani, ndoa ya uongo kwa ajili ya karatasi inaweza kumfunga mtu mpaka miaka 5 na kumtoza faini ya hadi dola 250,000, na ombi lolote la baadaye kwa njia ya ndoa hukataliwa daima. Tena yule mwenyeji naye ni mtu. Ana moyo, na pengine atazaa. Je, utamwambia nini mtoto wa karatasi?

Yule bwana alikataa. Alimwambia mkewe, "Mama watoto, tutangoja." Akaja likizo mara mbili. Mtoto wao mdogo alikuwa akimwita "mtu wa simu", na siku alipoingia mlangoni mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya bibi. Baba yule aliniambia kwamba hakuna adhabu ya ubalozi iliyomchoma kama hiyo. Miaka mitatu ilipotimia mwaka 2023, mke aliomba tena, akaeleza ukweli wote wa kupitisha siku, akapewa viza. Leo wako pamoja.

KARATASI ISIWE FIMBO

Kuna jambo jingine ambalo wake zetu walioko nje huandika kwa siri. Viza ya mwenzi hutegemea mwenzake. Wako waume, na wake pia, wanaosema kila wanapogombana, "Nikipiga simu moja tu utarudishwa Kericho." Maneno hayo ni dhambi. Aliyeahidi mbele ya altare kulinda hawezi kugeuza karatasi kuwa fimbo.

Na wewe unayetishwa, ujue kwamba hata sheria haikuachi bila njia. Marekani ina sheria tangu 1994 inayomruhusu mwenzi anayeteswa na raia au mkazi wa kudumu kuomba ukazi peke yake bila huyo mtesaji kujua. Uingereza nayo ina njia kwa mwenzi ambaye ndoa yake imevunjika kwa sababu ya ukatili. Tafuta mshauri halali wa uhamiaji, na zungumza na padre wa huko.

MAMBO SITA YA KUFANYA NINYI WAWILI

1. Kabla ya kulipa, kaeni mezani pamoja na msome aina ya viza. Ulizeni: Ni ya muda gani? Inaruhusu kazi? Inaruhusu mwenzi na watoto?

2. Siku ya kufika, msafiri apige picha ya muhuri au kumbukumbu yake ya kuingia na kumtumia mwenzake nyumbani.

3. Wote wawili waandike tarehe ya mwisho ya kukaa. Iandikwe katika kalenda ya ukutani, pale mnapoandika siku za ng'ombe kuzaa na siku za karo.

4. Miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, anayebaki aulize bila haya: "Umeomba kuongezewa, au unarudi?" Huko si kumwonea wivu mwenzako. Ni kumlinda.

5. Wekeni nyumbani nakala za pasipoti, viza, mkataba, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

6. Patanisheni mwisho wa kutengana. Mtume Paulo anawaonya Wakorintho kwamba wenye ndoa wasinyimane ila kwa kupatana, na kwa muda, kisha warudiane. Kama mkataba ni miaka miwili, semeni miaka miwili. Kurefusha kusiamuliwe na mmoja.

KAMA SIKU ZIMEKWISHA PITA

Pengine unasoma ukurasa huu ukiwa nje, na tarehe yako imepita. Usijifiche na usikate tamaa. Pia usikimbilie uwanja wa ndege kabla ya kupata ushauri, maana katika nchi kama Marekani ile miaka 3 au 10 huanza kuhesabiwa unapoondoka. Mwone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa, si jamaa anayejua mtu. Kisha mwambie mwenzako ukweli. Wengi huficha aibu hii, hubuni sababu za kutokuja, na mke nyumbani huamini kwamba ameachwa, kumbe mume anaogopa tu.

KANISA LINASEMAJE?

Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1151, inafundisha kwamba wenye ndoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kuwe na sababu halali. Kutafuta chakula cha watoto kunaweza kuwa sababu halali, lakini sababu halali haigeuki kuwa desturi ya maisha. Na Mkataba wa Haki za Familia, uliotolewa na Vatikano mwaka 1983, unatetea haki ya wafanyakazi wahamiaji kuunganishwa na familia zao mapema iwezekanavyo. Kumbuka pia kwamba Yosefu alipokimbilia Misri hakwenda peke yake kutafuta nafuu. Alimchukua Mtoto na mama yake usiku ule ule.

Si kila mmoja wetu anaweza kufanya kama Yosefu, maana mipaka ya leo ina milango mingi. Lakini kila mume na mke wanaweza kusoma pamoja kilichoandikwa mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGONDOGO

1. Katika jumuiya yetu ni familia ngapi zina mmoja aliye nje? Je, anayebaki anajua tarehe ya mwenzake ya kukaa?

2. Tufanye nini ili mama aliyebaki na watoto asibebe shamba peke yake wakati wa kuchuma?

3. Kijana akituambia ameandika kwamba ni mseja, nasi tulikula koito yake, tumshauri nini?

Mungu azibariki nyumba zenu, zilizo pamoja na zilizotengana kwa muda.